Je, Wajua? Nani Aruhusiwe Kushika Bunduki?

Ukitaka kuona watu wazima wakipandishiana sauti, waulize kama raia mwema anastahili kulala na bastola chini ya mto. Mmoja atakwambia mwizi haombi leseni. Mwingine atakwambia bastola hiyo itamfikia mtoto kabla haijamfikia mwizi. Ubishi huu una historia ndefu yenye vituko ambavyo kila upande ungependa visitajwe, na hapa tumekuchagulia vile vilivyotunogea zaidi.

Bunduki zimewazidi wenyewe

Marekani ina bunduki nyingi mikononi mwa raia kuliko idadi ya raia wenyewe. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kuwa kufikia mwisho wa 2017 Wamarekani wa kawaida, mbali na jeshi na polisi, walikuwa na bunduki milioni 393. Hizo ni zaidi ya 120 kwa kila watu 100, vichanga wakiwemo. Zikigawiwa kwa wakazi wote wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuanzia Kinshasa hadi Mogadishu, kila mtu atapata yake na nyingine zitabaki ghalani. Nafasi ya pili ilishikwa na Yemen, iliyokuwa vitani: 53 hivi kwa kila watu 100, haikufika hata nusu.

Lakini shika hii ya kwenda nayo kijiweni: kati ya bunduki zaidi ya bilioni moja zilizokadiriwa kuwako duniani, majeshi yote yakijumlishwa yalikuwa na milioni 133 tu. Karibu zote zilizobaki ni za mtu na jirani yake.

Mji wa makauboi uliokataza bastola

Pambano la risasi maarufu kuliko yote ya Marekani ya kale lilizuka polisi walipokwenda kuwanyang'anya watu silaha. Mwaka 1881 baraza la mji wa Tombstone, Arizona, lilipitisha sheria ndogo namba 9. Ukiingia mjini, bastola yako unaiacha hotelini, kwenye zizi la farasi au kwenye baa, na unaichukua siku ya kuondoka. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo mkuu wa polisi Virgil Earp alitoka na nduguze, Wyatt na Morgan, pamoja na Doc Holliday, daktari wa meno aliyependa karata kuliko meno ya watu, wakawafuata vijana walioikaidi. Risasi kama 30 zililia kwa nusu dakika hivi, watu watatu wakafa, na Hollywood ikapata kazi ya karne nzima.

Sinema huliita pambano la O.K. Corral, ingawa walipigana kwenye kiwanja kitupu, hatua chache kutoka kwenye zizi lenye jina hilo. Na leo? Tangu 2010, mtu mwenye miaka 21 na kuendelea anaweza kutembea Arizona na bastola aliyoificha kiunoni bila kibali chochote. Kwa habari ya kubeba silaha mjini, makauboi walibanwa kuliko wajukuu wao.

Ukiwa na nyumba, uwe na bunduki

Kennesaw, mji wa jimbo la Georgia, una sheria ya mwaka 1982 inayomwamuru kila mkuu wa kaya awe na bunduki na risasi zake. Ilikuwa kujibu mapigo: mwaka mmoja kabla, mji wa Morton Grove karibu na Chicago ulikuwa umepiga marufuku bastola, wa kwanza kufanya hivyo nchini humo. Sheria ya Kennesaw inawasamehe maskini, wenye ulemavu na wanaokataa silaha kwa sababu ya imani yao, na hakuna anayesukumwa mahakamani kwa kukosa bunduki. Ni sheria ya kuwakomoa watani, basi.

Waliobadilishana viti

Chama cha NRA, ambacho leo ndicho adui mkubwa wa udhibiti wa silaha Marekani, kilizaliwa mwaka 1871 kwa sababu ya aibu. Maofisa wa jeshi la Kaskazini walikuwa wamegundua, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwamba askari wao hawana shabaha hata kidogo. Kwa miongo mingi kazi ya chama ikawa kufundisha watu kulenga. Ilipokuja sheria kubwa ya kwanza ya taifa kuhusu silaha, mwaka 1934, chama kiliikubali baada ya bastola kuondolewa kwenye muswada. Sheria hiyo iliweka kodi ya dola 200 kwa bombomu, na kodi hiyo haijapanda hata senti moja tangu wakati huo.

Kisha ikaja tarehe 2 Mei 1967. Vijana weusi wa chama cha Black Panther waliingia kwenye jengo la bunge la California, mjini Sacramento, bunduki mikononi, wakati ambapo kubeba silaha hadharani kulikuwa halali kabisa. Wabunge walikuwa na muswada wa kukataza mtu kutembea na silaha yenye risasi ndani. Muswada ulipita, na gavana aliyeutia saini alikuwa Ronald Reagan, yule yule ambaye wamiliki wa bunduki wangekuja kumshangilia akiwa rais.

Majaji wa 2022, mfalme wa 1328

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikaa kuchambua sheria ya mfalme Edward III wa Uingereza, iliyotungwa Northampton mwaka 1328 kukataza watu kuzunguka sokoni na kwenye magulio wakiwa na silaha. Miaka mitatu baada ya sheria hiyo, msafiri Ibn Battuta ndiyo kwanza anatia nanga Kilwa. Kesi yenyewe ilihusu New York, ambako mwombaji wa kibali cha kubeba bastola alitakiwa kuonyesha sababu ya pekee. Sharti hilo, lililodumu zaidi ya miaka 100, lilianguka kwa kura 6 dhidi ya 3.

Kisa cha kufukua mambo ya kale namna hii ni sentensi moja tu, Marekebisho ya Pili ya Katiba ya 1791, yenye maneno 27 kwa Kiingereza. Ilipita miaka 217 ndipo mahakama hiyo ikatamka wazi, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba sentensi hiyo inamlinda mtu binafsi anayeweka bastola nyumbani ili ajihami. Mlalamikaji wa kesi hiyo ya 2008, Dick Heller, alikuwa mlinzi wa jengo la serikali jijini Washington. Kazini alipewa bastola alinde wengine, lakini nyumbani kwake hakuruhusiwa kuwa nayo.

Mkataba wa Brussels na maisha marefu ya gobore

Mmoja wa mikataba ya mwanzo kabisa ya kimataifa ya kudhibiti bunduki uliandikwa kwa ajili ya huku kwetu. Tarehe 2 Julai 1890 wakubwa waliokutana Brussels waliipiga Afrika rula: kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zisiingie kiholela. Nchi zote za Waswahili ziliangukia ndani ya mstari, na Unguja yenyewe imo katika orodha ya walioukubali mkataba.

Biashara iliyokuwa ikizuiwa haikuwa ndogo. Mwaka 1888 balozi mkuu wa Uingereza Unguja alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia pwani kwenda bara kila mwaka, nyingi zikiwa mitumba ya majeshi ya Ulaya yaliyokuwa yamepata silaha mpya. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli bunduki ziliichochea. Ila mkataba uliacha kidirisha wazi: bunduki za kizamani, zenye mtutu laini na za kushindiliwa baruti mdomoni, ziliweza kuuzwa kwa masharti. Mkoloni akabaki na bunduki ya kufyatua mfululizo, mwenyeji akaachiwa gobore.

Na gobore halijafa. Mafundi wa vijijini bado wanalichonga kwa bomba la chuma na kitako cha mti. Mwenye nalo humimina baruti, husindika kitambaa kwa ufito, hutia vipande vya chuma, husindika tena, halafu ndipo alenge. Akimkosa nguruwe pori, nguruwe hatasubiri ashindilie upya. Katika operesheni za polisi wa Tanzania dhidi ya ujangili, magobore ndiyo hupangwa mbele ya waandishi wa habari safu kwa safu.

Mwenye leseni ndani ya Westgate

Miongoni mwa watu wa kwanza kuingia na silaha katika jengo la Westgate, Nairobi, kuwakabili magaidi tarehe 21 Septemba 2013, walikuwemo raia wenye leseni za bastola. Abdul Haji, mfanyabiashara na mwana wa waziri wa zamani wa ulinzi, alipata ujumbe wa simu kutoka kwa nduguye aliyenaswa ndani. Akaenda na bastola yake, akaungana na polisi wachache na watu wa kujitolea, wakawatoa watu duka kwa duka. Picha ya mtoto wa kike akimkimbilia huku Haji amemnyooshea mkono ilizunguka dunia nzima. Watu 67 waliuawa katika shambulio hilo. Haji alikuja kuwa seneta wa Garissa.

Kwa wanaotaka leseni zitolewe kwa wingi, hakuna mfano mtamu kuliko huu. Wanaopinga nao wana swali lao, na si swali la kipuuzi: askari anayeingia mbio, moshi umetanda, atamjuaje mwenye bastola na nguo za kiraia kwamba si gaidi? Serikali ya Kenya haikufuta leseni, lakini Desemba 2018 iliwaamuru wamiliki wote wa silaha wakaguliwe upya ndani ya siku 90.

Haki unayo, duka hulioni

Katiba ya Mexico inampa raia haki ya kuweka silaha nyumbani kwa usalama wake, lakini kwa miaka mingi nchi hiyo yenye watu zaidi ya milioni 120 ilikuwa na duka moja tu la kuinunua. Duka lenyewe ni la jeshi, liko ndani ya eneo la kijeshi jijini Mexico, na wauzaji ni wanajeshi. Mnunuzi hupeleka vyeti vya kuonyesha kwamba hana kosa la jinai na ana kazi halali, kisha husubiri miezi.

Magenge hayana subira hiyo. Bunduki nyingi zinazokamatwa Mexico na kufuatiliwa zilikotoka hukutwa zilinunuliwa Marekani, ambako maduka ya silaha yanahesabiwa kwa maelfu. Mwaka 2021 Mexico iliwashtaki watengenezaji wa bunduki wa Marekani katika mahakama ya Boston. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa kesi hiyo, majaji wote tisa kwa kauli moja.

Maboksi ya Martinsburg

Taifa lililopeleka watu mwezini humtafuta mwenye bunduki kwa kupekua makaratasi. Sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali kuu ya Marekani kuanzisha rejista ya wamiliki wa silaha. Kwa hiyo bunduki ikiokotwa penye mauaji, namba yake hutumwa kwenye kituo kilichoko Martinsburg, West Virginia. Wafanyakazi humpigia simu mtengenezaji, naye huwaelekeza kwa muuzaji wa jumla, na huyo huwaelekeza dukani.

Duka likiwa limefunga biashara, vitabu vyake huwa vimeshaletwa kituoni ndani ya maboksi, vingine vikiwa na mwandiko wa mkono usiosomeka. Kurasa zinapigwa picha, lakini kompyuta haiwezi kutafuta jina ndani ya picha hizo, na imeachwa hivyo kwa makusudi. Mtu hukaa na kufungua ukurasa baada ya ukurasa hadi macho yaume. Wapenda bunduki wanaona ndivyo inavyotakiwa: serikali yenye orodha inajua mlango wa kugonga siku ikiamua kunyang'anya. Wapelelezi wana maoni tofauti.

Pilipili ni silaha ya moto

Nchini Uingereza, kopo la kupuliza pilipili ambalo wanawake wa nchi nyingi hutembea nalo mkobani ni silaha iliyopigwa marufuku, katika kifungu kile kile cha sheria ya 1968 kinachokataza bombomu. Baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa katika shule ya Dunblane, Scotland, Machi 1996, bastola nazo zilipigwa marufuku, hata za mashindano. Walenga shabaha wa timu ya taifa wakawa wanafunga safari nje ya nchi kufanya mazoezi. Mcheza tenisi Andy Murray alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo siku ya mauaji.

Waziri mkuu na fulana ya kuzuia risasi

Mwezi mmoja na nusu tu baada ya Dunblane, mtu mmoja aliua watu 35 huko Port Arthur, Australia, na siku 12 baadaye serikali kuu na majimbo yote walikuwa wameafikiana sheria mpya. Serikali ilinunua bunduki kama 650,000 kutoka kwa wananchi na kuziharibu. Waziri mkuu John Howard alikwenda kuwahutubia wamiliki wa bunduki wenye hasira mjini Sale akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi, na ilionekana wazi chini ya koti.

Mashine ya kadi dhidi ya bunduki

Muumini wa msikiti wa Linwood, Christchurch, New Zealand, alimkabili muuaji mwenye bunduki za kivita kwa mashine ya kulipia kwa kadi. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 15 Machi 2019, na muuaji alikuwa ameshaua watu katika msikiti wa Al Noor. Abdul Aziz, mzaliwa wa Afghanistan, alinyakua kilichokuwa karibu na kutoka nje akipiga kelele, akamrushia. Kisha akaokota bunduki iliyotupwa, akakuta haina risasi, akaivurumisha kama mkuki hadi ikapasua kioo cha gari la muuaji, naye akatimka. Jumla ya watu 51 waliuawa katika mashambulizi hayo. Abdul Aziz alipewa New Zealand Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa kwa raia.

Siku 26 baada ya mauaji, bunge la New Zealand lilipiga marufuku karibu bunduki zote za kujifyatua za mtindo wa kijeshi. Kura zilikuwa 119 dhidi ya moja.

Milioni mbili na nusu, au elfu sitini?

Hakuna anayejua kwa uhakika Wamarekani hujihami kwa bunduki mara ngapi kwa mwaka, na makadirio yanapishana zaidi ya mara 20. Mwaka 1995 watafiti Gary Kleck na Marc Gertz walitoa hesabu ya mara milioni 2.5. Utafiti wa serikali kuhusu waathirika wa uhalifu huleta kati ya mara 60,000 na 100,000 hivi. Kisa ni namna ya kuuliza. Kleck na mwenzake waliwapigia simu watu wazima karibu 5,000 na kumuuliza kila mmoja kama aliwahi kujihami kwa bunduki. Asilimia moja na kidogo walisema ndiyo, ndani ya mwaka uliopita, na jibu hilo likazidishwa kwa watu wazima wote wa nchi. Serikali, kwa upande wake, inamuuliza kuhusu kujihami yule tu aliyekwisha kusema kwamba alitendewa uhalifu. Watu wachache wakitia chumvi katika utafiti wa kwanza, mamia ya maelfu ya majambazi wa hewani wanazaliwa. Wakinyamaza katika wa pili, majambazi wa kweli wanatoweka.

Kuna takwimu moja isiyobishaniwa: zaidi ya nusu ya Wamarekani wanaokufa kwa risasi hujiua wenyewe. Katika vifo 48,830 vya mwaka 2021, zaidi ya 26,000 vilikuwa vya aina hiyo. Bunduki inanunuliwa kwa ajili ya mwizi, mwizi haji, nayo inabaki ndani na wenye nyumba.

Wabrazili walipoulizwa

Tarehe 23 Oktoba 2005 Brazil iliwaita wananchi wake wote wapige kura ya maoni: je, uuzaji wa bunduki na risasi kwa raia upigwe marufuku? Mwanzoni mwa kampeni marufuku ilionekana kuungwa mkono na wengi. Masanduku yalipofunguliwa, asilimia 64 walikuwa wamesema hapana. Hoja iliyowageuza wengi ilikuwa fupi: polisi wenyewe huwaoni unapowahitaji.

Panga za wakulima kuwa misumari ya Buddha

Mwaka 1588 mtawala wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, aliwaamuru wakulima wote wasalimishe panga, mikuki na bunduki zao, akiwaahidi kwamba chuma hicho kitakuwa misumari na komeo za sanamu kubwa ya Buddha mjini Kyoto, wapate thawabu duniani na ahera. Werevu wake! Akawaacha wakulima bila silaha za kumwasi, na wao wakirudi nyumbani na matumaini ya pepo. Hadi leo Mjapani anayetaka raifo ya kuwindia lazima kwanza akae miaka kumi na bunduki ya marisau, baada ya mitihani, vipimo vya akili na mahojiano na polisi. Ndiyo maana aliyemuua waziri mkuu wa zamani Shinzo Abe mwaka 2022 alitumia silaha aliyoitengeneza mwenyewe, mabomba mawili yaliyofungwa kwa utepe.

Msimu wa kusalimisha

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa wa msamaha: mwenye silaha haramu aipeleke kituoni, asiulizwe aliipata wapi. Kenya huenda mbele zaidi ikawasha moto. Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 kwa mkupuo huko Ngong, zikiwa zimepangwa kama kuni za tanuru.

Bunduki kwa baiskeli

Nchini Msumbiji, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwenye bunduki aliipeleka kwa watu wa kanisa akarudi na baiskeli, cherehani, majembe au mabati. Mpango huo ulianzishwa mwaka 1995 na Baraza la Makanisa, ukiongozwa na askofu Dinis Sengulane, na silaha zilizokatwakatwa wakapewa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, Kester, alitengeneza kiti cha enzi mwaka 2001. Mgongo, mikono na miguu yake yote ni bunduki, nacho sasa kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Ukikizunguka utakuta vitako viwili vya bunduki kwa juu vyenye matundu ya skrubu yanayofanana na nyuso zinazocheka, na katika silaha zote hizo hakuna hata moja iliyoundwa Afrika.

Msumbiji hiyo hiyo ndiyo yenye AK-47, singe ikiwa mbele, kwenye bendera ya taifa. Mwaka 2005 lilifanyika shindano la kuchora bendera mpya, wananchi wakaleta michoro kwa wingi, na AK-47 ikabaki pale pale, imepishana na jembe juu ya kitabu.